Saba kwa Sauti ya Chini

Kati ya darasa langu na lake hapakuwa na ukuta. Palikuwa na plaiwudi, na mwenye shule alipoenda kuinunua nadhani aliomba ile nyembamba kuliko zote. Kwa hiyo miaka yote niliyofundisha darasa la kwanza pale Ruiru nilikuwa na masomo mawili kwa wakati mmoja, langu mdomoni na la Mwalimu wa Beibi masikioni. Mimi naandika ubaoni "Baba analima", na upande wa pili watoto wadogo wanapanda kutoka moja hadi kumi, wanashuka, wanapanda tena. Siku moja nilimwinua mtoto asome ile sentensi, akasimama vizuri, akasafisha koo, akasoma, "Baba analima tano."

Tulimwita Mwalimu wa Beibi kwa sababu alifundisha beibi klasi, darasa la wadogo kuliko wote, na serikali ilipobadilisha majina ya madarasa yakawa PP1 na PP2, jina lake halikubadilika. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sweta la kijani ambalo hakulivua hata jua la Januari likipasua vichwa. Mkononi alivaa saa iliyosimama. Nilipomwuliza kwa nini anavaa saa mbovu, aliniambia mkono bila saa unaonekana kama uko uchi. Kuchelewa alichelewa, kila asubuhi, lakini watoto wake hawakuwahi kulia wakimngoja. Walikaa kwenye mkeka wakiangalia mlango, na akiingia walifurahi kama walioona lori la miwa.

Mtu asidhani alikuwa pale kwa kukosa mahali pengine pa kwenda. Alikuwa na cheti chake cha chuo, na alama zake zilikuwa nzuri kuliko zangu, jambo alilonikumbusha kila nilipoanza kujigamba. Mara mbili mwalimu mkuu alitaka kumpandisha afundishe madarasa ya juu. Alikataa. Alisema huko juu watoto wameshaanza kudanganya.

Njia yake ya kufundisha namba niliijua yote bila kuiona. Watu wengi hudhani mtoto akisema moja, mbili, tatu mpaka kumi, basi amejua kuhesabu. Huyo amejua wimbo tu. Mwekee vitu vitano mezani umwambie ahesabu, utaona kidole kiko kwenye kitu cha pili na mdomo umeshafika sita. Mwalimu wa Beibi aliuita huo ugonjwa wa mdomo kukimbia. Dawa yake ilikuwa kukishika kidole cha mtoto kwa vidole vyake viwili, kukiweka juu ya kitu, na kungoja. Kidole kisipofika, namba haitoki.

"Mdomo ungoje kidole," alikuwa akisema, na nilisikia maneno hayo kupitia plaiwudi mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu. Aliyasema hata kwenye mkutano wa walimu, akimwambia mwalimu mkuu, ambaye alipenda kutangaza mipango kabla hajaipanga.

Na mtoto akikwama katikati hakumkemea. Hakukubali pia wenzake wamwokoe kwa kelele. Macho yake tu yaliwafunga midomo. Alingoja. Jamani, alingoja. Kuna siku alingoja mpaka mimi kwangu nikasimama na chaki mkononi, nimesahau somo langu, nataka kuipiga kelele hiyo namba mwenyewe tumalize. Ndipo akasema polepole, kana kwamba anampa mtu njia, "Endelea. Nne." Akishaitoa, basi, hairudii. Mtoto anaipokea na kuendelea na safari yake.

Vitu vya kuhesabia vilimpa taabu kabla hajapata vya kumfaa. Alianza na maharagwe, mpaka msichana mmoja akaingiza moja puani na tukashinda naye kliniki, mimi nikimbeba na Mwalimu nyuma akimwambia apumue kwa mdomo. Akahamia mahindi, yakaingia masikioni. Mwishowe dadake wa Gatanga akamletea nusu gunia la makadamia, zikiwa bado na maganda yake, na hapo roho yake ikatulia. Haziingii puani na haziliwi bila nyundo. Tatizo ni kwamba mtoto wa seremala mmoja alilifikiria hilo nyumbani usiku, na asubuhi akaja na nyundo ndani ya begi. Siku hiyo kumi ikawa nane. Mwalimu alizitazama zile mbili zilizopasuliwa, akala kipande, akatangaza kwamba darasa limeanza kutoa mapema kuliko alivyopanga.

Ukiona hivyo ungesema ni mtu wa kuhesabu kila kitu. Wapi. Sukari hakuihesabu. Alikuwa akitia kwenye chai yake huku anaongea, na kama hadithi ni ndefu, sukari nayo inakuwa nyingi. Na watoto wake mwenyewe, wale wa darasani, hakuwahesabu kabisa. Kwetu wazee hawakuhesabu watu wala mbuzi. Kumnyooshea mtu kidole ukisema wewe ni wa nane ilikuwa ni kumwitia balaa. Mimi niliyachukulia mambo hayo kama mambo ya wazee, nikayaacha. Yeye aliyabeba mpaka darasani.

Kwa hiyo akatumia vikombe. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake cha plastiki kinachoning'inia kwenye msumari wake, na uji ukija kila mmoja anachukua chake. Kikibaki kimoja ukutani, anajua nani hajafika. Mwalimu mkuu alikuwa akipita asubuhi kuuliza wako wangapi leo, na Mwalimu wa Beibi anamjibu kwa heshima zote kwamba wametosha vikombe. Mwalimu mkuu anaingia, anawahesabu mwenyewe, na Mwalimu wa Beibi anageuka dirishani mpaka amalize.

Tulipowapeleka watoto Fourteen Falls, vikombe navyo vilikuja ndani ya karai. Ilikuwa kiangazi na maji yamepungua. Watoto walisimama pale juu, vidole mbele, midomo ikingoja, wakahesabu maporomoko wakapata tisa. Dereva wa basi akawaambia wamekosea, ni kumi na nne, hata jina linasema. Wakahesabu tena, tisa. Dereva akaona amevunjiwa heshima na beibi klasi. Mwalimu akawatetea, akamwambia aliyeandika jina huenda alikuja wakati wa mvua.

Wakati wa kurudi, tukiwa tumesimama Gatuanyaga kugawa mandazi, mwalimu mkuu alihesabu watoto ndani ya basi akakuta mmoja amezidi. Alihesabu tena, akatoka jasho. Kupungua angejua la kufanya, lakini hakuwa amejiandaa kwa kuzidi. Mwalimu wa Beibi alikuwa anapita na chai ya birika, akafika kwa mtoto mmoja mwenye miguu myeupe kwa vumbi, akamwuliza kikombe chake kiko wapi. Mtoto akasema hana. Alikuwa wa pale pale Gatuanyaga, ameona mandazi, amepanda. Alipewa mandazi mawili na kushushwa kwa mamake, ambaye alikuwa ng'ambo ya barabara akiuza mahindi ya kuchoma na hakuwa na habari kwamba mwanawe nusura awe mtu wa Ruiru.

Lakini nikitaka kumweleza mtu huyu mwalimu alikuwa nani, nitaanza na saba.

Kuhesabu kwake kulikuwa kwa sauti kubwa, na watoto walimfuata kwa nguvu zote. Moja! Mbili! Plaiwudi ilitetemeka. Tano! Sita! Halafu sauti zote zinashuka pamoja, kama watu wamepita mlango wa chumba alicholala mgonjwa: saba. Kisha nane inarudi juu na vumbi lake. Mwanzo nilidhani ni mchezo. Nilipomwuliza alinikatalia kabisa, akasema masikio yangu yamezoea kelele. Nikamwambia ahesabu hapo hapo mbele yangu. Akahesabu, akafika saba, sauti ikashuka, akaendelea mpaka kumi na kuniuliza, "Umeona?"

Nilikuja kujua baadaye. Nyanya aliyemlea alikuwa mtu wa zamani, na kwa Wagikuyu wa zamani saba haikuwa namba ya kutamkwa ovyo. Ilikuwa ya waganga na viapo. Nyanya alimfinya sikio kila alipoipigia kelele. Nyanya alishakufa, woga ukaisha, ila sikio lilikuwa bado linakumbuka. Na huyu alikuwa mama wa kanisa, wa kusoma neno mbele Jumapili! Nilimchokoza siku moja, nikamwambia Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba na hakuogopa. Alifikiri kidogo, akasema ndiyo maana yeye huitamka kwa heshima.

Watoto hawakujua habari ya nyanya wala waganga. Walijua tu kwamba saba husemwa hivyo. Kulikuwa na binti mdogo wa familia ya Kihindu yenye duka la vitambaa mjini. Bibi yake alimsikia akihesabu ngazi za nyumbani, sauti ikakatika kwenye ngazi ya saba, akaamua mtoto anaumwa koo. Kwa wiki nzima binti alinyweshwa maziwa ya moto yenye manjano. Yule bibi akaja mwenyewe shuleni na chupa ya maziwa hayo, na alipofika mlangoni akawakuta watoto wote wanahesabu, wote wakashuka kwenye saba. Akamgeukia Mwalimu wa Beibi na kumwuliza kwa huruma, "Mwalimu, yote iko mgonjwa?"

Mimi ndiye niliyewapokea darasa la kwanza, na nilijaribu kuwaponya. Niligonga meza kwenye saba. Niliwaambia wapige makofi. Walipiga makofi vizuri sana na kusema saba kwa sauti ya chini. Afisa wa elimu alipokuja kukagua aliwauliza watoto wangu kwa nini wananong'ona, nao wakamtazama kwa mshangao, kwa sababu wao hawakusikia kitu. Nikainua mikono. Walivuka kwenda darasa la pili na saba yao, la tatu nayo, na mimi sikujua iliwatoka lini.

Sasa nitasema jambo lililomuuma, kwa maana mtu akinisikia nikicheka hivi atafikiri alikuwa mtu wa kucheka tu.

Shule ilifanya sherehe ya shukrani, na wanafunzi wa zamani wakaalikwa. Walikuja wamependeza, mmoja wakili, mwingine mhandisi, wawili wana kampuni yao Juja. Walipewa kipaza sauti. Wakamshukuru mwalimu mkuu, wakamshukuru mwalimu wa darasa la nane, mwalimu wa Sayansi, hata mpishi. Mimi nilitajwa na mmoja, kwa kumchapa. Mwalimu wa Beibi alikuwa mstari wa pili, sweta lake limefuliwa, anapiga makofi kwa kila mmoja, na kwa kila mmoja ananinong'oneza jina lake la utotoni na alichokuwa akililia. Hakuna aliyemtaja. Wengine walipita wakamsalimia kwa mkono kama unavyomsalimia mama yeyote aliyeketi kwenye kiti.

Jioni tulikuwa jikoni tukiosha vikombe. Alikuwa akisugua kimoja ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Hakuna mtu hukumbuka nani alimfunza kuhesabu," aliniambia. "Wanafikiria walizaliwa wakijua."

Nilijaribu kumkumbuka wangu mwenyewe na sikupata hata rangi ya nguo yake. Niliona aibu, na niliona uchungu kwa ajili yake. Alinipa kikombe nikipanguse, akaanza kuongea habari za mvua.

Baada ya hapo kulikuwa na siku ya Juja. Alikuwa amekwenda kumtembelea mpwa wake, akamwona kijana karibu na lango la chuo kikuu, akamtambua mara moja: yule wa nyundo. Akamwita kwa jina. Kijana akasimama, akamtazama kwa adabu, akamwambia, "Pole mathe, nafikiri umenifananisha." Alinisimulia akicheka, akiigiza sauti ya kijana na jinsi alivyoshika simu yake. Alipomaliza kucheka akasema kwamba kuanzia siku hiyo hatamsalimia mtu yeyote aliyemfundisha mpaka asalimiwe yeye kwanza. Na alishika neno lake. Nimetembea naye sokoni Ruiru nikamwona akimpita mtu mzima ambaye zamani yeye ndiye aliyemfunga kamba za viatu, macho yake mbele, mdomo umebana.

Alistaafu. Sasa anaishi Witeithie kwa binti yake, na mimi pia nilihamia karibu, kwa hiyo bado ananikosoa. Goti lake la kulia limekuwa bovu. Mwaka huu daktari alimwambia goti hilo linahitaji mazoezi, na binti yake yuko kazini, basi mimi ndiye ninayempeleka hospitali Thika. Njia nzima hulalamika kwamba amepanda na kushuka na watoto miaka yote hiyo, mazoezi gani tena yamebaki.

Siku ya kwanza tulipokelewa na kijana mrefu mwenye ndevu nyingi na viatu vyeupe. Alimlaza Mwalimu kitandani kwa upole, akamfunga kimfuko cha mchanga kwenye kifundo cha mguu, akamweleza kwamba atainua mguu, ashikilie kidogo, ashushe. Watafanya mara kumi. Mwalimu akamwambia yeye ni mzee, si mchezaji wa mpira. Kijana akacheka, akamwita nyanya kwa Kigikuyu, akasema, "Usijali, cucu, nitakuhesabia."

Akaanza. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kujaza chumba, na mguu wa Mwalimu ulipanda na kushuka nayo. Moja. Mbili. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi na mkoba wake mapajani, nawaza nitapika nini. Tano. Sita.

"Saba," kijana akasema, chini, karibu tusimsikie. Kisha, kwa ile sauti yake nzito, "Nane."

Mguu wa Mwalimu haukushuka. Ulibaki juu, na kimfuko cha mchanga kikaning'inia. Kijana akainama haraka akamwuliza kama anaumia. Akasema hapana. Kijana akamwambia basi ashushe, wamalizie, na wakamalizia tisa na kumi.

Nilimtazama kijana. Nilitafuta mtoto nyuma ya zile ndevu, nikapitisha sura moja baada ya nyingine, sikumpata. Nilimtazama Mwalimu, ambaye hujua nani alililia nini miaka mingi iliyopita, na yeye pia alikuwa akitafuta, na nikaona wazi kwamba hakumpata. Kijana alikuwa akifungua kimfuko, akisema maneno ya kawaida, kwamba amefanya vizuri. Nikamwuliza, kama mtu anayepitisha wakati, alisoma nasari wapi.

"Nasari?" Akatabasamu. "Hiyo siwezi kumbuka. Tulikuwa tunakaa Ruiru kwanza, halafu tukahamia Nakuru nikiwa mdogo sana."

 Nilifungua mdomo nimwambie, nimwonyeshe, huyu hapa, ndiye huyu. Mwalimu wa Beibi akanitupia jicho. Lilikuwa jicho lile lile la kumzuia mtoto anayejua jibu asimwokoe mwenzake kwa kelele. Nikafunga mdomo.

"Turudie," akamwambia kijana.

"Kwa leo imetosha, cucu. Goti litauma."

"Liume. Turudie."

Kijana akanitazama mimi kama mimi ndiye mwenye goti. Sikumsaidia. Akakifunga kimfuko tena, akasimama kando ya kitanda, akaanza. Safari hii Mwalimu alihesabu naye. Sauti yake imezeeka, lakini ni ile ile iliyotetemesha plaiwudi, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutazama. Moja. Mbili. Tatu. Mguu unapanda, unashuka, mdomo unaungoja. Nne. Tano. Sita.

"Saba," wakasema, na sauti zao zikashuka pamoja.

Kijana hakuendelea na nane. Mkono wake ulikuwa chini ya kisigino cha Mwalimu, na hakuuondoa. Alimtazama usoni, akatazama saa iliyosimama mkononi mwa Mwalimu, akamtazama tena, na midomo yake ikafunguka kidogo bila kutoa kitu.

Mwalimu alingoja. Alimngojea kama alivyowangojea wote, muda mrefu, mpaka mimi kwenye benchi nikaubana ule mkoba kifuani.

"Endelea," akamwambia polepole. "Nane."